Baiskeli ya Jumapili: Uhalali wa Mapumziko katika Jiji Lisilolala

Miongoni mwa maswali ambayo dini na falsafa zimeyarudia kizazi baada ya kizazi ni lile linalohusu wakati usiozalisha kitu: je, mwanadamu ana haki ya kuufurahia, na kama anayo, haki hiyo inakoma wapi? Wanazuoni wamezoea kulijadili kwa mifano mikubwa, kama Sabato ya Wayahudi, maisha ya watawa au mijadala ya Wayunani wa kale, lakini linaweza kuchunguzwa vilevile kupitia jambo dogo linaloonekana katikati ya jiji la Dar es Salaam kila mwisho wa wiki, hasa kati ya Juni na Agosti, nalo ni matembezi ya baiskeli. Mtu aliyeshinda wiki nzima dukani au ofisini hutoa baiskeli yake alfajiri, huzunguka jiji bila kubeba mzigo, bila kumfuata mteja na bila kuelekea mahali popote pa lazima, kisha hurudi nyumbani mwili umechoka na nafsi imetua. Hoja ya insha hii ni kwamba starehe hiyo ni halali na ina heshima yake, lakini uhalali wake haukamilikii ndani ya nafsi ya anayestarehe peke yake. Hupimwa pia kwa nafasi ya kupumzika aliyonayo yule anayetumia chombo hichohicho kutafutia riziki.

Ni vyema kwanza kueleza majira yenyewe. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, haina msimu wa majani kupukutika kama ule unaowatoa wapanda baiskeli wa Ulaya kwenda misituni. Kinachokaribiana nao ni kipupwe, yaani majira ya ubaridi kiasi yanayofuata mvua za masika, ambapo upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, unyevu wa hewani hupungua na joto la alfajiri hushuka hadi nyuzi 19 au 20 za Selsiasi. Kwa mwendesha baiskeli mabadiliko hayo si madogo, kwa sababu madimbwi ya masika yamekauka, jasho halishiki tena nguo mgongoni, na miti ya mikungu iliyo kando ya barabara huangusha majani mapana yaliyogeuka mekundu. Jumapili asubuhi mtu anaweza kutoka Mtaa wa Msimbazi, akapita Lumumba na viwanja vya Mnazi Mmoja, akafika kwenye Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, akashuka Kivukoni ambako Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu yamejaa waumini, kisha akafuata ufukwe hadi Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Njia hiyo siku ya Jumatatu humezwa na foleni ya magari na pikipiki. Jumapili njia hiyohiyo humwachia mtu nafasi ya kusikia mnyororo wa baiskeli yake ukizunguka.

Hata hivyo, baiskeli haikuingia Kariakoo, eneo la soko na biashara la jiji hili, kama chombo cha matembezi. Eneo lenyewe limepewa jina la kikosi cha wapagazi, yaani Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na tangu hapo kazi ya kubeba haijawahi kuliacha. Baiskeli nzito za Phoenix kutoka China, na zile za Swala zilizounganishwa hapa nchini na shirika la umma, zilinunuliwa kwa sababu ya keria yake, yaani ule mhimili wa chuma wa nyuma, ambao fundi huuongezea nondo na mbao mpaka ubebe trei za mayai, matenga ya kuku au mikate ya asubuhi. Muuza madafu hupanga madafu yake pande mbili za gurudumu la nyuma na juu ya keria, panga likiwa limechomekwa kati yake, na kwa kuwa mzigo huo haumruhusu kukaa juu ya tandiko, mara nyingi huisukuma baiskeli kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukishikilia mzigo. Mnoa visu naye huiegesha baiskeli kwenye stendi yake, hupitisha mkanda kutoka gurudumuni hadi kwenye jiwe la kunolea, kisha hukanyaga pedali pasipo kusogea hata hatua moja, huku cheche zikimrukia kifuani. Watu hawa wawili na yule anayefurahia kipupwe Jumapili wanatumia chombo kimoja, na hapo ndipo swali la mapumziko linapokuwa swali la haki.

Mafundisho ya Kiislamu, ambayo yamejenga kwa kiasi kikubwa mwendo wa wiki katika Kariakoo, yanalitazama suala hili kwa namna inayotofautiana na dhana ya siku nzima ya kutofanya kazi. Sura ya 62 ya Kurani, katika aya ya 9 na ya 10, inawaamuru waumini waache biashara unapoadhiniwa mwito wa sala ya Ijumaa, kisha inawaruhusu watawanyike katika ardhi na kutafuta fadhila za Mungu sala inapokwisha. Amri hiyo inaonekana kwa macho kila Ijumaa mchana katika mitaa inayouzunguka Msikiti wa Mtoro na misikiti mingine ya eneo hilo, ambapo maduka mengi hushusha milango kwa muda, mikeka hutandikwa hadi nje, na muda mfupi baada ya salamu ya mwisho milango hupandishwa na bei huanza kutajwa upya. Kwa mtazamo huu kazi si adui wa ibada, na kupumzika si thawabu ya moja kwa moja. Kilichokatazwa ni biashara kumfanya mtu kiziwi asisikie mwito ulio juu ya biashara.

Je, matembezi ya baiskeli yanaangukia wapi katika mpango huo? Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, hugawa vitendo vya mwanadamu katika hukumu tano, ambazo ni faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu, na miongoni mwazo mubaha ni kile kitendo ambacho sheria haikukiamrisha wala kukikataza, kwa hiyo hakina thawabu wala dhambi kwa chenyewe. Kitendo cha mubaha, kwa maelezo ya wengi wao, huweza kupandishwa daraja na nia ya mtendaji, kwa mfano anapokula ili apate nguvu za kutimiza wajibu wake. Zipo pia hadithi za Mtume zinazolisogeza suala hili mbele zaidi: mkusanyaji wa hadithi Bukhari amepokea mafundisho kwamba afya na wakati wa nafasi ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake, na mkusanyaji mwenzake Muslim amepokea kisa cha sahaba Handhala, aliyehofia kuwa mnafiki kwa sababu moyo wake ulibadilika alipokuwa na familia yake, na Mtume akamtuliza kwa kumfahamisha kwamba moyo wa mwanadamu hupewa saa zake mbalimbali. Mafundisho haya yakisomwa pamoja, wakati wa nafasi hauonekani kuwa tupu wala kuwa dhambi. Ni amana ambayo mtu ataulizwa aliitumiaje.

Mwanazuoni aliyeeleza jambo hili kwa mfano unaomfaa sana mpanda baiskeli ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake cha Kiajemi kinachohusu kemia ya furaha, anaufananisha mwili na kipando cha roho, kama ngamia alivyo kwa msafiri anayekwenda hija: msafiri lazima amlishe ngamia na kumtunza, kwa maana bila yeye hafiki, lakini akitumia siku zake zote kumlisha na kumpamba, msafara utamwacha jangwani. Mfano huo una makali pande mbili. Kwanza unamtetea anayetoka na baiskeli Jumapili, kwa sababu mwili uliokunjwa juu ya kiti cha ofisi au kusimamishwa nyuma ya meza ya duka kwa siku sita ni kipando kilichonyimwa malisho. Pili unamwonya yule ambaye matembezi yake yamegeuka kuwa maonyesho, akabadilisha baiskeli kila mwaka, akapima kila safari kwa simu ili awaonyeshe wenzake kasi yake, na akafikiria zaidi wepesi wa fremu kuliko wepesi wa nafsi. Wanazuoni huliita kosa hilo riya, yaani kutenda jambo ili watu waone, na ingawa neno hilo hutumiwa zaidi katika mambo ya ibada, ugonjwa wenyewe huingia hata katika starehe, kwa kuwa mtu anayestarehe ili atazamwe bado yuko kazini.

Mapokeo ya Kiyahudi na ya Kikristo yanaongeza sehemu nyingine ya hoja. Amri ya Sabato, yaani kuacha kazi siku ya saba, imeandikwa mara mbili ndani ya Amri Kumi katika vitabu vya Musa, na kila mara imepewa sababu tofauti. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, sababu ni uumbaji: Mungu alipumzika siku ya saba, na mwanadamu anafuata mwendo huo wa Muumba. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, sababu ni utumwa: Waisraeli wanakumbushwa kwamba walikuwa watumwa Misri, na kwa ajili hiyo mtumishi wao, mgeni wao na hata ng'ombe na punda wao wapumzike pamoja nao. Maelezo ya kwanza yanaifanya raha kuwa kuiga tendo la Mungu, na ya pili yanaifanya kuwa kumbukumbu ya jasho la kulazimishwa, kwa maana kwamba aliyewahi kunyimwa pumziko hana ruhusa ya kumnyima mwingine. Injili ya Marko, sura ya 2, inasimulia jinsi Yesu alivyofundisha kwamba siku hiyo imewekwa kwa faida ya mwanadamu na wala mwanadamu hakuumbwa kwa ajili yake, na mafundisho hayo yanatosha kumwondolea hatia Mkristo anayetoka ibada ya kwanza na kupanda baiskeli kwenda kutazama bahari. Hayamwondolei, hata hivyo, swali la Kumbukumbu la Torati kuhusu mtumishi wake.

Falsafa ya Kiyunani iliikaribia hoja hiyohiyo, kisha ikaiacha njiani. Aristotle alifundisha kwamba watu hufanya kazi ili wapate nafasi, kama wanavyopigana vita ili wapate amani, na kwamba ni katika nafasi hiyo ndipo akili hufanya kilicho bora kuliko vyote, yaani kutafakari. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliuchukua msingi huo na kueleza kwamba roho nayo huchoka kama mwili, kwamba mchezo wenye kiasi ni dawa yake, na kwamba hata kukosa kabisa uchangamfu na kuwa mzigo kwa wenzako ni kosa. Katika mwaka 1948 Mjerumani Josef Pieper aliandika kitabu kuitetea nafasi hiyo dhidi ya zama alizoziona zikimgeuza kila mtu kuwa mfanyakazi na si kitu kingine. Lakini nafasi aliyoizungumzia Aristotle ilikuwa ya raia huru tu, na iliwezekana kwa sababu watumwa walibeba maji, walisaga nafaka na kuchimba madini, jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua na hata akalitafutia uhalali. Starehe ya namna hiyo ina kasoro katika mzizi wake, na hakuna uzuri wa tafakari unaoweza kuifuta kasoro hiyo.

Katika Afrika Mashariki mjadala huu umewahi kupata sauti mbili zinazofaa kusikilizwa pamoja. Mwanateolojia wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika maisha ya jadi wakati haukuwa bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa, bali ulitokana na matukio, kwa hiyo mtu aliyeketi kivulini hakuwa akiupoteza bali alikuwa akiungoja au akiuumba. Wanafalsafa wengine, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga katika madai yake kuhusu wakati ujao, lakini uchunguzi huo juu ya kuketi bila hatia bado una uzito. Sauti ya pili ni ya siasa ya Tanzania yenyewe, ambayo mwanzoni mwa uhuru iliinua kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, na katika Azimio la Arusha la Februari 1967 ikalaumu waziwazi nguvu zinazopotea katika soga, ngoma na ulevi. Lawama hiyo ilikuwa na sababu zake katika nchi changa iliyokusudia kujitegemea, na haipaswi kuchekwa. Ila ilipozoeleka ilifanya kila saa isiyo na jembe ionekane kama wizi, na mtu anayezunguka na baiskeli bila safari maalumu bado huulizwa na majirani zake kama hana kazi ya kufanya.

Inafaa kukumbuka, kwa upande mwingine, kwamba serikali ya nchi hiyohiyo iliwahi kuleta, pasipo kukusudia, aina ya Sabato ya barabarani. Misukosuko ya bei ya mafuta duniani katika miaka ya 1970 ilipolazimisha kubana matumizi, magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea kuanzia mchana wa Jumapili, na barabara za jiji zikabaki kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Hatua hiyo ilitokana na uhaba wala haikuwa na lengo la kiroho, lakini ilidhihirisha jambo ambalo Ivan Illich, padri na mwanafikra aliyezaliwa Vienna, alilifanyia hoja katika miaka hiyohiyo. Illich alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1974 kwamba mtu juu ya baiskeli huenda kwa kasi mara tatu au nne kuliko mwenda kwa miguu huku akitumia sehemu moja tu ya tano ya nguvu, na kwamba chombo hicho hakimnyang'anyi mwenzake nafasi wala wakati, ilhali vyombo vya kasi kubwa huwapa wachache saa kwa kuwachukulia wengi saa zao. Kwa kipimo hicho matembezi ya baiskeli yanazishinda starehe nyingi za jijini, kwa kuwa hayahitaji dereva anayesubiri nje hadi usiku, mhudumu anayesimama hadi wa mwisho aondoke, wala moshi unaoingia katika kifua cha anayeuza karanga kando ya barabara.

Hapa inaweza kutolewa pingamizi kwamba, ikiwa starehe hii haimdhuru mtu, basi suala la muuza madafu halihusiani nayo, kwa kuwa mwendesha baiskeli wa Jumapili hakumtuma aisukume. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini halitazami jinsi mapumziko yanavyopatikana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na kumpa mwajiriwa angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki; mwenye mkataba ana siku yake ya kupumzika kwa nguvu ya sheria. Muuza madafu na mnoa visu hawana mwajiri wa kumdai saa hizo, na siku wasiyotoka ni siku ambayo chakula hakiingii nyumbani. Kijana anayeuza katika duka la mtu kwa makubaliano ya mdomo huwa katikati ya mwenye mkataba na hao wanaojitafutia riziki, kwa sababu sheria inamtambua ilhali desturi ya mtaa inamsahau. Tangu Februari 2025, ulipozinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24, suala hili limepata uzito mpya, kwani soko lisilofungwa linaweza kuongeza ajira na mapato, lakini pia linaondoa ule mpaka wa usiku ambao zamani ulimlazimisha hata tajiri mkali kumwachia mtumishi wake akalale.

Kwa hiyo mafundisho yaliyopitiwa hapo juu yanakutana mahali pamoja, ingawa yametoka katika vyanzo mbalimbali. Ijumaa ya Kiislamu inafundisha kwamba biashara ina mwisho, hata kama ni wa saa moja; Ghazali anafundisha kwamba mwili una haki lakini si bwana; Kumbukumbu la Torati linafundisha kwamba pumziko la mwenye nyumba na la mtumishi ni amri moja; na udhaifu wa Aristotle unaonyesha kinachotokea amri hiyo inapokatwa vipande viwili. Kutokana na hayo, anayefurahia kipupwe juu ya baiskeli hafanyi dhambi wala upuuzi, bali anaishukuru neema aliyopewa, na shukrani hiyo huwa timilifu pale tu anapoitambua kuwa ni stahiki ya wengine pia. Majuto yasiyozaa tendo hayamsaidii muuza madafu. Kinachomsaidia ni njia salama, bei ya haki na siku ambayo anaweza kubaki nyumbani bila kulala njaa.

Hukumu hii ina matokeo ya vitendo. Njia za baiskeli zilizojengwa kando ya barabara za mabasi yaendayo haraka, mradi ambao mabasi yake yalianza kazi mwaka 2016 na kulipatia jiji tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, zinawahusu mpanda baiskeli wa Jumapili na mbeba mayai wa Jumatatu kwa usawa, na zinapogeuzwa maegesho ya magari au mapito ya pikipiki wote wawili huvunjiwa haki yao. Siku ya Baiskeli Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018 na kuadhimishwa kila Juni 3, huangukia hapa mwanzoni mwa kipupwe, na ingekuwa na maana zaidi kama waendeshao kwa starehe wangeitumia kuzidai njia hizo kwa niaba ya wale ambao siku hiyo hawana nafasi ya kuandamana. Na mwenye duka wa Kariakoo anayejiandaa kutoka na baiskeli yake Jumapili kabla jua halijakaza ana jambo moja la kutimiza kabla ya kujaza upepo matairi: kama kijana wake wa dukani bado hajapewa siku yake ya kupumzika katika wiki, ampe, tena kwa malipo, ndipo atoke.